Gdańsk kwa Wiki Moja: Panga kwa Reli na Jumatatu, Si kwa Ramani ya Vivutio

Gdańsk ni bandari ya kaskazini mwa Poland, kando ya mto Motława, kilomita chache kutoka Bahari ya Baltiki. Kwamba mji unapendeza hakuna anayebisha. Swali la anayetaka kulipia siku saba ni kama siku hizo zitajaa. Jibu la haki ni hili: mitaa ya kihistoria peke yake huisha kwa siku mbili, na anayekaa wiki nzima kwenye mtaa wa Długa ataanza kuhesabu maduka ya aiskrimu siku ya tatu. Wiki hunoga pale unapoichukulia Gdańsk, Sopot na Gdynia kuwa mji mmoja mrefu ulioshonwa na reli. Wenyeji huuita Trójmiasto, yaani miji mitatu. Halafu unapanga siku zako kwa kufuata mambo mawili ambayo ramani ya watalii haikuonyeshi: treni zinakopita, na milango ipi hufungwa Jumatatu.

Kabla ya kupanda ndege

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani ukanda wa nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kati yao. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari lazima ifidie matibabu ya angalau euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na siku 15 ndiyo mwisho. Anayengoja hadi hapo anacheza kamari. Kosa linalowaponza wengi ni kuomba kwenye ubalozi wa nchi wanayotua kwanza. Kama usiku wako wote ni wa Gdańsk na Amsterdam unapita tu, maombi yanakwenda kwa Poland, ambayo ina balozi Dar es Salaam na Nairobi. Thibitisha mapema ni ofisi ipi inayopokea ya nchi yako. Anayeishi Ujerumani au Uholanzi kwa kibali halali cha ukaazi hana haja ya viza nyingine.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki. Njia za kawaida hupitia Amsterdam, Frankfurt au Warsaw. Kumbuka kwamba ukaguzi wa pasipoti hufanyika kwenye uwanja wa kwanza wa Schengen, sio Gdańsk, na tangu Oktoba 2025 mfumo mpya wa mipakani unachukua alama za vidole na picha. Muunganiko wa saa moja ulioonekana mzuri kwenye tovuti ya tikiti ndio huo unaokulaza uwanjani. Acha saa mbili na nusu.

Poland iko Umoja wa Ulaya ila haitumii euro. Fedha yake ni złoty. Kadi hupokelewa karibu kila mahali, hata kwenye kibanda cha maandazi, lakini weka sarafu kidogo kwa vyoo vya umma. (Na kwenye milango ya vyoo, pembetatu ni wanaume, duara ni wanawake. Wageni wengi hujifunza hili kwa aibu.) Ukitoa pesa kwenye mashine na ikakuuliza kama unataka kukatwa kwa sarafu ya nyumbani, kataa, chagua złoty, kiwango cha mashine huwa kibaya kuliko cha benki yako. Duka la kubadilisha fedha huitwa kantor. Tazama pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza: likiwa pana, ondoka, hata kama bango limeandikwa kwamba hakuna kamisheni. Shilingi zetu usizibebe kwa matumaini ya kuzibadilisha kule. Nenda na euro au dola.

Kuhusu majira, Mei hadi katikati ya Juni na Septemba ndiyo miezi bora. Mwishoni mwa Julai hadi katikati ya Agosti kuna Jarmark św. Dominika, soko la Mtakatifu Dominiko lililoanza mwaka 1260. Ni wiki tatu za vibanda, muziki na umati, na vyumba hupanda bei vibaya. Ukiitaka sherehe hiyo, shika chumba miezi mingi kabla. Kama huitaki, ikwepe kabisa, maana katikati ya mji hakuna pa kuikimbia. Desemba ina taa na soko la Krismasi, lakini jua huzama kama saa tisa na nusu alasiri. Juni ni kinyume chake: saa tatu usiku imepita na bado kweupe. Kwa Mwislamu hii ina maana ya vitendo, kwani Isha huchelewa mno na Alfajiri huwahi. Msikiti wa Jamal al-Din al-Afghani upo Oliwa, mtaa wa Abrahama, una mnara wake na ulifunguliwa mwaka 1990.

Kulala wapi

Kwanza, jina. Sehemu ambayo kila mtu huiita "mji wa kale", yenye chemchemi ya Neptune na nyumba za rangi, kwa wenyeji ni Główne Miasto, Mji Mkuu. Stare Miasto, ambalo ndilo jina lenye maana ya Mji wa Kale, ni mtaa mwingine kaskazini yake, wenye Kinu Kikuu na kanisa la Mtakatifu Katarina. Tangazo la chumba likisema Stare Miasto, fungua ramani kabla ya kulipa.

Główne Miasto hufaa kwa anayekaa usiku mbili. Kwa wiki, kelele za baa ni kero, hasa upande wa Wyspa Spichrzów, kisiwa cha maghala kilichojengwa upya kwa hoteli na mikahawa. Dirisha linalotazama mto huuzwa kwa bei ya mandhari na hukupa muziki wa saa nane usiku. Chaguo letu ni Wrzeszcz, neno lenye irabu moja kati ya herufi nane. Sema kama "Vzheshch" na usijitese zaidi. Ni mtaa wa wakazi, wenye masoko na migahawa ya bei ya kawaida, na kituo chake ndipo reli ya uwanja wa ndege inapokutana na reli ya pwani. Kutoka hapo hadi Gdańsk Główny, kituo kikuu, ni dakika chache tu kwa treni. Chukua chumba kisichozidi mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka kituoni. Oliwa ni tulivu zaidi na ina bustani nzuri, ila jioni hufungwa mapema.

Maduka makubwa hufungwa Jumapili nyingi kwa sheria iliyoanza 2018. Ukifika Jumamosi jioni, nunua chakula cha kesho kabla hujalala. Vibanda vya Żabka hubaki wazi, na bei zake zinalijua hilo.

Treni, huduma inayobeba wiki yote

SKM ndiyo treni ya mjini, ya rangi ya njano na buluu, inayopita Gdańsk, Wrzeszcz, Oliwa, Sopot hadi Gdynia na kuendelea. Kutoka Gdańsk Główny hadi Sopot ni kama dakika 20, hadi Gdynia kama dakika 35. Hupita mara kwa mara kiasi kwamba mchana huhitaji ratiba. Kama huduma, inastahili sifa: nafuu, safi ya kutosha, na haikwami kwenye foleni za barabara kuu inayokwenda sambamba nayo.

Tatizo lake ni tikiti. Tikiti ya tramu na basi za Gdańsk haikupandishi SKM, na ya SKM haikupandishi tramu, isipokuwa umenunua tikiti maalumu ya pamoja ya eneo zima. Tena kwenye reli ileile hupita kampuni tatu: SKM, Polregio na PKP Intercity. Tikiti ni ya kampuni, si ya reli. Mgeni anayeona treni imesimama na kuidandia kwa kuwa inakwenda Gdynia mara nyingi huwa kwenye treni asiyoilipia. Soma jina la kampuni ubaoni. Ubao huo pia una maneno mawili yanayochanganya: peron ni jukwaa, tor ni njia ya reli. Namba hizo hazilingani. Unayoitafuta kwanza ni ya peron. Ukiona opóźniony na dakika mbele yake, treni imechelewa.

Tikiti ya karatasi isiyochapishwa saa lazima igongwe kwenye kisanduku cha jukwaani kabla ya kupanda. Tikiti isiyogongwa, mbele ya mkaguzi, ni sawa na kutokuwa nayo, na kusema wewe ni mgeni hakukuokoi. Ukikuta mashine imeharibika, panda behewa la kwanza mbele na umwendee mhudumu mwenyewe mara moja, usingoje akufikie. Njia rahisi kuliko zote ni programu ya simu ya Jakdojade: hupanga safari na huuza tikiti. Iwekee kadi ya benki ukiwa bado nyumbani, kwa sababu ujumbe wa uthibitisho wa benki huenda kwenye laini yako ya simu, na laini hiyo huenda isishike mtandao kule. Ratiba zote ni za saa 24. 15:30 ni saa tisa na nusu yetu.

Kutoka uwanja wa ndege wa Lech Wałęsa kuna treni ya PKM, reli iliyofunguliwa 2015, hadi Wrzeszcz. Baadhi ya treni huendelea hadi katikati, nyingine unabadilisha hapo. Basi 210 huenda Gdańsk Główny moja kwa moja, na usiku kuna N3. Anayekuja kwa nchi kavu kutoka Warsaw atatumia takriban saa tatu kwa treni ya haraka, na bei ya tikiti hupanda kadiri siku inavyokaribia.

Mpangilio wa siku saba

Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu. Vilevile, sheria ya Poland huyataka makumbusho yatenge siku moja kwa wiki ya kuingia bure kwenye maonyesho ya kudumu, na kila jumba huchagua yake. Bure si lazima iwe nafuu: siku hiyo foleni ni ndefu, na kwenye jumba la chini ya ardhi umati hukunyima hewa na nafasi ya kusoma.

Chukulia umefika Jumamosi. Jumapili ni ya mitaa. Anza kwenye Lango la Dhahabu, fuata Długa hadi Długi Targ, pita chemchemi ya Neptune ya mwaka 1633, toka Lango la Kijani, ukunje kushoto kando ya mto. Ujue unachokitazama. Machi 1945 sehemu hii iligeuka kifusi, na nyumba hizi zilijengwa upya baada ya vita kwa sura za karne ya 17 upande wa mbele na fleti za wafanyakazi ndani. Mtaa wa Mariacka ndio unaovutia zaidi. Kila nyumba ina kibaraza cha mawe mbele ya mlango, kilichoinuliwa kwa ngazi chache, na mifereji ya mvua yenye vichwa vya mazimwi. Mtu wa Lamu au Mji Mkongwe ataelewa mara moja kazi ya baraza hiyo. Katikati ya mto wenyewe, daraja la waenda kwa miguu la kwenda kisiwa cha Ołowianka huinuliwa kwa ratiba kupisha boti. Ukikuta liko juu unaweza kungoja hadi nusu saa, kwa hiyo usilipange dakika za mwisho kabla ya miadi.

Kanisa la Mtakatifu Maria, lililojengwa kati ya 1343 na 1502, ni miongoni mwa makanisa makubwa zaidi ya matofali duniani. Jumapili asubuhi ni ya misa, watalii huingia mchana. Mnara una ngazi zaidi ya 400, hauna lifti, na sehemu ya chini ni ngazi nyembamba za kuzunguka ambazo watu wawili hupishana kwa shida. Mwenye magoti mabovu au hofu ya mahali pembamba asijaribu. Katikati hakuna pa kugeukia. Saa ya nyota ya Hans Düringer, ya miaka ya 1464 hadi 1470, husogeza sanamu zake mchana. Uwe umeshasimama mbele yake dakika kumi kabla ya saa sita. Mchoro wa Hukumu ya Mwisho wa Hans Memling ulioko kanisani ni nakala. Wa asili, ulioporwa baharini na nahodha Paul Beneke mwaka 1473, uko kwenye Makumbusho ya Taifa, mwendo wa robo saa kwa miguu, na karibu hakuna foleni.

Jumatatu, milango ikiwa imefungwa, ndiyo siku ya pwani. Asubuhi shuka Oliwa. Kinanda cha kanisa kuu, kilichoanzwa na Johann Wulf mwaka 1763 na kumalizika 1788, hupigwa kwa maonyesho mafupi ya kama dakika 20, na malaika wa mbao hutikisa kengele na kuinua tarumbeta. Kisha Sopot. Gati yake ya mbao ina urefu wa mita 511.5 na hulipiwa msimu wa kiangazi. Tembea hadi mwisho mara moja, inatosha. Mtaa wa Monte Cassino ni wa kupita. Bahari usiitarajie kama ya Diani: hata Julai maji huzidi nyuzi 20 kwa nadra.

Jumanne nenda Makumbusho ya Vita Kuu ya Pili, jengo la mnara ulioinama lililofunguliwa 2017. Maonyesho yenyewe yako mita 14 chini ya ardhi. Tenga saa tatu na nusu, uwe umekula, na nunua tikiti ya saa maalumu mtandaoni. Kosa la kawaida ni kuanza polepole. Vyumba vya mwanzo vina maandishi mengi na watu humaliza nguvu kabla ya kufika sehemu za kambi na maangamizi. Mchana huo usipange kingine kizito. Ofisi ya Posta ya Poland, ambayo wafanyakazi wake walipigana na Wajerumani siku ya 1 Septemba 1939, iko karibu, na nusu saa inatosha.

Jumatano ni Malbork, ngome ya matofali ya Shirika la Teutoni, watawa wa Kijerumani waliokuwa wanajeshi. Makao yao makuu yalihamia hapo 1309. Mwaka 1457 askari wa kukodiwa ambao hawakulipwa mishahara waliiuza ngome yenyewe kwa mfalme wa Poland. Mwajiri mwenye madeni na akumbuke. Treni ya haraka huchukua kama nusu saa, ya polepole karibu dakika 50. Ujanja wa wanaojua: panda ya polepole na ushuke Malbork Kałdowo, kituo kabla ya mji. Unavuka mto Nogat kwa daraja la miguu huku ngome yote imetandaa mbele yako, picha ambayo wanaoshuka kituo kikuu huikosa. Ndani, kifaa cha mwongozo wa sauti hujua ulipo na huanza kusema chenyewe. Ukikimbia mbele kinachanganyikiwa, hivyo fuata mwendo wake. Ziara kamili ni saa tatu na nusu. Jumatatu vyumba vya ndani hufungwa, na kila wiki kuna wageni wanaogundua hilo wakiwa getini.

Alhamisi ndiyo siku bora ya wiki, na hapa hatuna haya kupendelea. Kiwanda cha meli cha Gdańsk ndipo mgomo wa 14 Agosti 1980 ulipoanza, baada ya mwendesha kreni Anna Walentynowicz kufukuzwa kazi siku chache kabla. Mafundi chini ya fundi umeme Lech Wałęsa walidai mambo 21, na tarehe 31 Agosti serikali ilitia saini. Ndipo kilipozaliwa chama huru cha wafanyakazi cha Solidarność, yaani Mshikamano. Nje ya lango namba 2 kuna misalaba mitatu ya chuma yenye urefu wa mita 42, kumbukumbu ya wafanyakazi waliouawa Desemba 1970. Simama hapo kwanza, ndipo uingie Kituo cha Ulaya cha Mshikamano, jengo lenye kuta za rangi ya kutu kama ubavu wa meli. Ukumbi wa kwanza una dari iliyofunikwa kofia za mafundi. Zile mbao mbili zilizoandikwa madai 21 kwa mkono zimo katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia tangu 2003. Mwongozo wa sauti humo ni mzuri kuliko wowote mjini. Saa mbili na nusu, kisha lifti hadi paa, bure, uone kreni za bandari. Ukumbi wa BHP, ambamo saini ziliwekwa, ni jengo tofauti hatua chache nyuma, nalo ni bure. Wengi huondoka bila kujua lipo.

Ijumaa chukua boti kutoka gati la Długie Pobrzeże kwenda Westerplatte, rasi iliyo mlangoni mwa bandari. Basi ni rahisi zaidi, lakini boti hupita katikati ya karakana za meli na mbele ya ngome ya Wisłoujście, na nusu ya thamani ni hiyo njia. Meli ya kivita ya Ujerumani Schleswig-Holstein ilifyatua hapo alfajiri ya 1 Septemba 1939. Kikosi cha Wapolandi takriban 200 kilichoagizwa kushikilia saa 12 kilishikilia siku saba. Leo ni msitu, magofu na mnara wa kumbukumbu. Upepo ni mkali hata Juni, na chakula ni haba. Ukirudi, ingia Żuraw, kreni ya mbao ya 1442 hadi 1444 iliyofunguliwa tena 2024 baada ya ukarabati. Watu walitembea ndani ya magurudumu makubwa ya mbao, kama panya kwenye gurudumu, ili kuinua mizigo na milingoti.

Jumamosi iache wazi. Hali ya hewa ikiwa njema, treni kutoka Gdynia hadi ncha ya rasi ya Hel, saa mbili hivi za mchanga na misonobari pande zote. Kiangazi panda treni ya asubuhi au usimame njia nzima. Mvua ikinyesha, Makumbusho ya Uhamiaji huko Gdynia, ndani ya jengo la abiria wa meli la 1933. Msomaji wetu ana sababu yake ya kwenda: wakati wa vita maelfu ya wakimbizi wa Kipolandi walihifadhiwa Tengeru karibu na Arusha, na Koja na Masindi huko Uganda, na makaburi yao Tengeru bado yanatunzwa. Kambi ya mateso ya Stutthof, ambako watu wapatao 65,000 walikufa, pia hufikika kwa basi, lakini usiiweke siku inayofuata Makumbusho ya Vita. Mtu huacha kusikia.

Kaharabu, na jamaa yake wa Zanzibar

Zawadi ya Gdańsk ni kaharabu, utomvu wa miti ya miaka zaidi ya milioni 40 uliogeuka jiwe. Makumbusho yake yako Kinu Kikuu tangu 2021. Yapitie kabla ya kununua, si baada. Maduka ya Mariacka ni ghali ila yanajibu maswali. Vibanda vya sokoni ni bahati nasibu.

Uliza neno moja: naturalny? Kisha uliza kama imepashwa moto au ni prasowany, yaani vumbi na vipande vilivyoshinikizwa. Zile cheche za duara zinazometa ndani, ambazo wauzaji huzisifia, hutokana na kupasha moto. Si udanganyifu ukiambiwa. Ni udanganyifu ukilipishwa bei ya asili.

Kipimo cha hotelini: glasi ya maji ya uvuguvugu, koroga chumvi mpaka isiyeyuke tena, ngoja maji yatulie. Dondosha kipande kisicho na fedha wala chuma. Kioo na plastiki nzito za zamani huzama, kaharabu huelea. Suuza kwa maji baridi, kausha. Ila kuelea hakumalizi kesi, kwa sababu plastiki nyepesi nayo huelea, na pia kopal, ambayo ndiyo sandarusi yetu: utomvu mchanga wa aina ileile iliyochimbwa pwani ya Tanganyika na kusafirishwa kutoka Zanzibar karne ya 19 kutengenezea vanishi. Kopal ya Madagaska na Colombia huuzwa leo kama kaharabu. Tofauti huonekana kwa tone la asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, kwenye sehemu isiyoonekana: sandarusi hunata kidoleni baada ya muda mfupi, kaharabu haibadiliki. Hakuna mwenye duka atakayekuruhusu, hivyo dai cheti na risiti, na mwombe amulike kwa taa ya miale ya urujuani. Kaharabu hung'aa kibuluu cha maziwa.

Kula

Mgahawa wa kujaribu kwanza ni bar mleczny, "baa ya maziwa", urithi wa enzi ya ujamaa. Unasoma ubao, unaagiza na kulipa kaunta, unachukua chakula dirishani namba yako ikiitwa, na unarudisha vyombo mwenyewe. Bar Neptun uko Długa kwenyewe. Pierogi ruskie hujazwa viazi na jibini. Z mięsem ni nyama, na nyama bila maelezo ni nguruwe. Żurek, supu chachu ya nafaka ya rai, huja na soseji. Smalec inayoletwa na mkate kabla ya chakula ni mafuta ya nguruwe, ingawa sura yake ni ya siagi. Asiyekula nguruwe atakula vizuri samaki, mayai, supu za mboga na pierogi zisizo na nyama, ila aulize kila mara kuhusu vipande vya kukaanga vinavyonyunyiziwa juu.

Samaki wa gatini ndiye anayegombanisha watu. Bei kwenye menyu ni ya gramu 100, si ya sahani. Kipande cha chewa au flądra (samaki bapa) mzima huweza kuwa gramu 400 au zaidi, na hupimwa jikoni baada ya kuagiza. Sema mapema uzito unaoutaka, au omba uonyeshwe samaki kabla hajakaangwa. Viazi na saladi huhesabiwa kando.

Ukilipa taslimu, usiseme dziękuję, asante, wakati unakabidhi noti. Mhudumu ataelewa chenji ni yake. Ngoja chenji irudi, ndipo ushukuru na kuacha asilimia 10.

Siku ya kuondoka, kama ndege ni ya alfajiri, tazama usiku kama treni ya kwanza inakufikisha saa mbili kabla. Mara nyingi haifikishi, na N3 au teksi ya programu ndiyo njia. Kaharabu iweke mkoba wa mkononi pamoja na risiti. Chupa ya Goldwasser, pombe ya mjini yenye vipande vya dhahabu, iende kwenye sanduku la chini, imefungwa ndani ya nguo.